Mwalimu Moses wa Same

Mikindani, Jumapili jioni.

Madaftari ya Kidato cha Pili nimeyapa kisogo tangu mchana, nasoma habari za Robert Moses. Huku kwetu ukitaja haki za Weusi wa Marekani, utajibiwa Martin Luther King, basi. Moses hana hotuba ya kukariri. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mzaliwa wa Harlem, 1935, mwalimu wa Hisabati aliyeacha darasa New York akaenda jimbo la Mississippi mwaka 1961 kuwasaidia Weusi wajiandikishe kupiga kura.

Kule kujiandikisha kulikuwa mtihani. Karani anakupa kifungu cha katiba ya jimbo, usome, ufafanue, na msahihishaji ni yeye mwenyewe. Mweusi mwenye shahada alifelishwa. Agosti 1961 Moses aliwasindikiza watu kujiandikisha mji wa Liberty, akapigwa kichwani mpaka damu ikamtoka. Akainuka, akaendelea nao hadi jengo la mahakama, kwenye ofisi ya karani. Mwezi uliofuata Herbert Lee, mkulima aliyekuwa akimzungusha kwa gari lake, aliuawa kwa risasi na mbunge wa jimbo, na mbunge hakufungwa. Mimi ningerudi kwetu. Yeye alibaki miaka mingine.

Vita vya Vietnam vilipomfuata na wito wa jeshi, alikimbilia Kanada, na mwaka 1969 akaja Tanzania na mkewe. Akafundisha Hisabati Same hadi 1976. Waliokaa kwenye madawati yake sasa ni wazee wastaafu. Natamani nikutane na mmoja wao nimuulize alikuwa anafundishaje hesabu za sehemu.

Aliporudi kwao alianzisha Algebra Project, mradi wa kufundisha Hisabati, 1982. Hoja yake: mtoto wa maskini asiyejua aljebra amefungiwa mlango kama babu yake alivyofungiwa kura. Hapo namkubali nusu. Karani wa Mississippi alikusudia ufeli; mtihani wetu hauna chuki na mtu. Ila msimu wa korosho ukianza, madawati yangu yanapungua watu, na wanaopungua ni walewale ambao mama zao hawana wa kuwasaidia kuokota. Matokeo yakitoka tunasema hawapendi Hisabati.

Kilichonivutia zaidi ni njia yake. Aliwapandisha wanafunzi treni ya mjini, wachore safari, waisimulie kwa maneno yao, alama za hesabu zije mwisho. Ijumaa nikatumia daladala ya Mikindani kwenda Mtwara mjini. Mangamba, hapo njiani, iwe sifuri, kwenda mjini chanya, kurudi huku hasi.

Kijana wa dawati la nyuma, ambaye huwa simsikii, akasimama: "Madamu, kwa nini sisi wa Mikindani ndio tuwe hasi?" Darasa likalipuka. Wengine wakataka sifuri ihamie hapa kwetu, wengine wakasema basi Mangamba nayo itabadilika namba. Kengele ikalia hatujafika hata kwenye kutoa. Kesho nawapa ubao waihamishe wenyewe.