Kamera zilizoishia langoni

Nipe picha ya zamani ya Bab al-Khalil, lango la magharibi la mji wa kale wa Jerusalem, nitakwambia umri wake bila kugeuza nyuma kusoma tarehe. Siangalii ngamia wala vilemba vya watu. Naangalia ukuta. Kama umeungana mpaka kwenye ngome, picha ni ya kabla ya 1898, mwaka ambao Waothmani walibomoa kipande na kufukia handaki ili msafara wa Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani upate njia. Kama juu ya lango kuna mnara wa saa, basi tumeshaingia karne ya 20: ule ulijengwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Abdülhamid II, na Waingereza walipoutwaa mji wakauondoa kwa kuona unaharibu sura ya lango. Sipendi kukubaliana na wakoloni, lakini kwa mnara ule, mmh.

Nimesafisha picha kwa mikono yangu muda mrefu kabla simu hazijatufungia studio, ndiyo maana kila nikiona picha nzee huanza kujiuliza: huyu alisimama wapi, na nani alimruhusu kusimama hapo?

Kwa malango ya Jerusalem jibu ni rahisi: alisimama popote alipotaka. Auguste Salzmann, Mfaransa, alifika 1854 na negativu za karatasi, akapiga kuta na malango jiwe kwa jiwe, kwa sababu kulikuwa na ubishi wa wataalamu kuhusu umri wa mawe yale. Félix Bonfils alifungua studio Beirut mwaka 1867, na yeye, mkewe Lydie na mwanao Adrien wakawauzia watalii picha za nchi zote zile. Bab al-Amud, lango la kaskazini la mji uleule, imepigwa mpaka imechoka.

Sasa njoo Hijazi, nchi ya Makka na Madina. Kamera ilitangazwa kwa ulimwengu 1839. Picha za kwanza za Makka zinazojulikana ni za 1880. Miaka 40 mizima! Wazungu wenye kamera walikuwa wanafika Jiddah, wana balozi zao pale, wanapanga nyumba. Lakini upande wa mashariki wa mji kulikuwa na Bab Makka, na asiye Mwislamu njia yake iliishia hapo. Kwa hiyo lango likawa mwisho wa picha. Wa kuvuka na kamera alipaswa kuwa mwenye haki ya kuvuka.

Aliyevuka alikuwa Mmisri, Muhammad Sadiq Bey, mhandisi wa jeshi aliyesomea Paris. Mwaka 1861 alitumwa kupima njia ya kwenda Madina, akabeba kamera yake, na ndiye wa kwanza anayejulikana kuupiga mji ule picha. Alirudi Hijazi 1880 akiwa mweka hazina wa msafara wa mahmali, kile kibanda cha heshima kilichobebwa na ngamia kutoka Misri kila mwaka, na safari hii akapiga Makka pia. Alipiga Haram, msikiti mkuu wa Makka, kutoka juu, akampiga na Sheikh Umar al-Shaibi, mshika ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka uliofuata alipewa medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya jiografia Venice.

Mimi medali ningempa kwa joto peke yake. Kazi ya siku zile ilikuwa ya vioo. Unamwagia kioo kolodioni, dawa nzito yenye kunata, kingali kinanata unakichovya kwenye maji ya fedha gizani, unakikimbiza kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unafungua lenzi, unarudi hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Dakika chache tu. Aliyewahi kusafisha picha chumba kikiwa na joto anajua dawa inavyokwenda mbio ikakuharibia kazi. Sadiq Bey alifanya hayo kwenye jua la Hijazi, vumbi juu, na vioo vilisafiri kwa ngamia.

Halafu lenzi ilibaki wazi muda mrefu. Anayetembea hakamatwi. Ukiona uwanja wa tawafu umekuwa mtupu au una ukungu mwepesi chini, usidhani hapakuwa na watu. Wanaosali, kwa kuwa wametulia, hao hubaki.

Baada yake anakuja Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje, na hapa damu yangu huchemka. Alifika Jiddah 1884, akawa anawapiga mahujaji picha kwenye ubalozi wa Uholanzi. Akatangaza Uislamu, akajiita Abd al-Ghaffar, na Februari 1885 akaingia Makka. Kama alisilimu kwa moyo au kwa ajili ya utafiti, Mola ndiye ajuaye. Wanazuoni wanabishana mpaka leo. Agosti Waothmani wakamfukuza, Hija hata haijafika.

Kamera aliiacha kwa tabibu mmoja wa Makka, naye jina lake ni Abd al-Ghaffar. Sayyid Abd al-Ghaffar. Huyu ndiye aliyebaki anapiga, huyu ndiye mpiga picha wa kwanza tunayemjua aliye mwenyeji wa Makka, na picha alizipeleka Uholanzi kupitia ubalozi. Zilipotoka kwenye kitabu cha Snouck huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1889, yeye alikuwa daktari fulani tu asiye na jina. Sahihi yake, aliyoiandika kwa hati nzuri ya Kiarabu, ilifutwa kwenye picha.

Studioni kwetu kila picha iligongwa muhuri nyuma. Mtu akikufutia muhuri wako, amekuibia.

Wengine walifuata. Ibrahim Rifat Pasha, aliyekuwa amiri wa msafara wa Misri, alitoa Mir'at al-Haramayn mwaka 1925 ikiwa na picha nyingi mno. Humo utayaona makuba ya makaburi ya Baqi kule Madina, ambayo yalibomolewa karibu na wakati huohuo. Ukuta wa Jiddah ulivunjwa 1947. Ngome ya Ajyad, inayoonekana kilimani juu ya Haram, iliondolewa 2002 ili majengo marefu yapande.

Picha za Makka za miaka ile Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden imeziweka kwenye intaneti, bure. Ukiandika Snouck zitakuja nyingi. Andika pia Abd al-Ghaffar, kisha zikuze polepole utafute maandishi ya Kiarabu: zipo nakala ambazo hazikufutwa, na zinasomeka vizuri kabisa kwamba ni kazi ya tabibu wa Makka.