Jino Lililokataa Kuanguka

Mwezi wa Novemba 2018, asubuhi ambayo kipimajoto cha karakana kilionyesha nyuzi 14 chini ya sifuri, tulipakia maji kwenye viti themanini vya lifti moja ya mlimani katika jimbo la Vermont, Marekani, ili tujue kama breki zake zingeweza kuuzuia mzigo usirudi bondeni. Mlima wenyewe sitautaja, kwa kuwa waliokuwa na mali yao hawakuwa na hatia katika yaliyotokea. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo sababu ya kuandika kumbukumbu hii.

Msomaji ambaye hajawahi kuiona lifti ya viti na afikirie kamba ya chuma yenye unene wa milimita 38, iliyoungwa ncha kwa ncha ikawa kitanzi kimoja kirefu, ikazungushwa baina ya puli mbili kubwa, moja bondeni na nyingine kileleni, huku viti vikining'inia kila baada ya mita kumi na tatu au kumi na nne. Watu hupanda wameketi wakiwa wamevaa mbao zao miguuni, kisha hushuka wakiteleza juu ya theluji. Kwa hiyo upande unaopanda huwa mzito wakati wote, na upande unaoshuka huwa mtupu. Siku mota inapozimika na kusiwe na kitu cha kulishika lile duara, mlima huanza kuvuta wenyewe, na lifti huzunguka kinyumenyume, kila mita ikiipita iliyotangulia kwa kasi.

Mimi ni mtu wa Mombo, chini ya milima ya Usambara. Nilipoajiriwa, fundi mkuu, mzee wa makamo ya miaka sitini na kitu aliyezaliwa bonde lile lile, aliniuliza kama kwetu niliwahi kusikia habari za kamba zinazobeba vitu hewani, bila shaka akitarajia nitikise kichwa. Nilimweleza kwamba babu yangu alikuwa akituonyesha mahali ilipopita njia ya waya ya Wajerumani, ambayo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza iliteremsha magogo ya misitu ya Shume hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Alifurahi sana, naye akanilipa kwa hadithi yake: kwamba lifti ya viti ya kwanza duniani, iliyofunguliwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, ilibuniwa na mhandisi wa reli aitwaye James Curran, ambaye alikuwa ameona jinsi mikungu ya ndizi inavyotundikwa kwenye kulabu na kupakiwa melini, akaondoa ndizi na kuweka kiti. Tangu siku hiyo, kila abiria mzito alipopanda, mzee yule alininong'oneza kwamba huo ni mkungu wa Mombo.

Ufundi niliukuta nyumbani. Baba yangu alitumikia korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kiwandani kwa miaka mingi, na alinifundisha kutumia bomba la grisi kabla sijajua kushika spana. Kanuni yake ilikuwa moja: grisi haijawahi kuua beringi, ukavu ndio unaoua. Katika joto na vumbi la Mombo, kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha.

Mwaka ule kila fundi wa lifti niliyemfahamu alikuwa ameitazama ile video ya Gudauri, nchini Georgia. Tarehe 16 Machi 2018 lifti ya viti ilirudi nyuma kwa kasi ya ajabu, viti vikirundikana kituoni bondeni na watu wakiruka au kurushwa kwenye theluji. Kadhaa waliumia, na ni bahati tu kwamba hakuna aliyefariki. Wenzangu hawakuhitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano, kwa maana Machi 2015, kule Sugarloaf katika jimbo la Maine, lifti ilirudi nyuma baada ya mfumo wake wa gia kuharibika, na watu saba wakajeruhiwa. Fundi mkuu yeye alikuwa na umri wa kutosha kuikumbuka Keystone, Colorado, Desemba 1985, ambako puli kubwa ilipasuka na watu wawili wakafa. Habari hizi huzungumzwa karakanani kwa sauti ya chini, jinsi mabaharia wanavyozungumzia vyombo vilivyozama.

Kanuni za Marekani zinazohusu vyombo hivi, ziitwazo ANSI B77.1, zinataka kwamba isipite miaka 7 kabla ya breki za lifti kupimwa zikiwa na mzigo. Kwa mzigo huo hapangwi binadamu hata mmoja. Hutumika maji, kwa kuwa lita moja ni kilo moja na hesabu haimsumbui mtu. Abiria huhesabiwa kuwa na kilo 77, kiti chetu kilibeba wanne, na tulitaka asilimia 110 ya mzigo kamili, kwa hiyo kila kiti kilistahili kilo 339. Tulifunga mapipa manne ya plastiki kwenye kila kiti na kuyajaza kwa mpira kutoka bwawa linalotumika kutengenezea theluji. Tulianza saa kumi na mbili alfajiri tukiwa na taa za kichwani. Mpira uliganda mara mbili, tukauyeyusha kwa maji ya moto ya chai. Kufikia saa tatu na nusu mapipa 320 yalikuwa yamepanda, yaani zaidi ya tani 27 za maji zilizotundikwa juu ya mlima, upande mmoja tu wa kamba.

Mota na mashine zote zilikuwa bondeni, katika chumba kidogo chini ya puli kubwa. Humo nilisimama mimi, mkono wangu ukiwa juu ya wenzo wa vali. Fundi mkuu alikuwa mbele ya kisanduku cha swichi. Mkaguzi aliyetoka nje ya kampuni alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na saa yake ya kuhesabia sekunde. Nje, mahali abiria wanapokalia kiti, alisimama mwenzetu wa Uvira, Kongo, mtu aliyenizidi umri ambaye nilimwita kaka, akiwa na redio ya mkononi na chupa ya rangi ya kuweka alama kwenye kamba.

Lifti kama ile ina vizuizi vitatu. Cha kwanza ni breki ya kawaida, iliyofungwa kwenye shafti ya mota. Hiyo ni nzuri, lakini ina udhaifu mmoja: kati yake na puli kubwa ipo giaboksi, na giaboksi ikivunjika, mota na breki yake vinabaki vikizunguka bure, kama pedali za baiskeli iliyokatika mnyororo kwenye mwinuko. Kwa sababu hiyo ipo breki ya pili, ya dharura, inayouma ukingo wa puli yenyewe. Hii hufunguliwa kwa mgandamizo wa mafuta na kufungwa na springi nene, ili umeme ukikatika au bomba likipasuka ijifunge bila kuamriwa na mtu. Wenzo niliokuwa nimeushika ulikuwa wa kuyaachia mafuta hayo. Cha tatu si breki hasa. Ni jino la chuma lenye uzito wa mtu mzima, lililoshikiliwa juu na kilimi kidogo. Puli ikianza kuzunguka kinyume, mkono mwembamba unaogusa ukingo wake huvutwa, unakisukuma kilimi, jino linaanguka baina ya mbavu za puli na kila kitu kinasimama.

Breki mbili za kwanza zilipita bila kelele. Lifti ilikwenda kwa mwendo wake kamili, fundi mkuu akabonyeza kitufe, pedi zikauma, mapipa yakayumba kwa pamoja mlima mzima, na mkaguzi akaandika mita na sekunde. Nilianza kuwaza chakula cha mchana.

Jaribio la tatu ndilo linaloonekana kama wazimu kwa mtu asiyelijua. Lifti husimamishwa ikiwa imebeba mzigo wote, kisha breki zote mbili hufunguliwa makusudi, polepole, ili mzigo uanze kurudi na jino lipate sababu ya kuanguka. Fundi mkuu aliifungua breki ya kawaida kwa pampu ya mkono. Kwa nusu dakika hivi hapakutokea kitu, kwa sababu msuguano wa mota na gia ulitosha kuushika mzigo. Halafu nikaisikia giaboksi ikitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mguno wa chini unaopanda taratibu, ule ule wa kila siku lakini umegeuzwa nyuma mbele. Puli ilikuwa inazunguka kinyume juu ya kichwa changu.

Jino lilipaswa kuanguka kabla kamba haijarudi mita moja. Nilikuwa nalitazama, lilikuwa umbali wa mkono wangu. Mkono mwembamba ulitetemeka, ukajaribu kwenda, ukabaki pale pale, na ukingo wa puli ukawa unapita chini yake ukiung'arisha. Alama ya rangi nyekundu ilipita dirishani. Redioni nikamsikia kaka, bila kupaza sauti, kwa Kiswahili cha kwao:

“Mudogo yangu, maji inarudi.”

Nilivuta wenzo. Nimeulizwa mara nyingi kama niliamriwa au niliamua mwenyewe, na kusema kweli sijui. Fundi mkuu anasema alipiga kelele, mimi sikuisikia. Springi zilifunga kwa kishindo, chumba kikajaa harufu ya pedi zilizoungua, na kwa muda ambao saa ya mkaguzi iliuona kuwa sekunde chache tu, puli iliendelea kuteleza kabla ya kukubali. Kisha kukawa kimya, isipokuwa sauti ya maji yakimwagika kutoka mapipa yaliyopigana, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Tulipopima kwa futi ya utepe kutoka alama ya rangi, kamba ilikuwa imerudi mita 9 na sentimita 40. Kwa jaribio lililopangwa kuishia kwenye mita moja, hiyo ni safari ndefu.

Hakuna aliyeumia, kwa maana viti vilibeba maji. Lakini wote mle ndani tulijua kwamba kama giaboksi ingevunjika siku ya Krismasi, kizuizi kilichokuwa kati ya abiria na bonde kingekuwa kimoja, si viwili.

Tulifunga puli kwa minyororo, na fundi mkuu akapanda ngazi kukichunguza kilimi. Aliteremka na kitu kwenye ncha ya kidole, akaninyooshea bila kusema. Ilikuwa grisi, nyingi, nzuri, ya rangi ya asali, iliyokazwa na baridi ikawa kama ubani uliokwisha kutafunwa. Nilipoifinya haikuenea, ilikatika. Ilikuwa imejaa kwenye pini ya ule mkono mwembamba na kulizunguka shina la kilimi mpaka ndani, kazi safi ya mtu aliyefundishwa kwamba grisi haijawahi kuua beringi. Mwezi wa Septemba, siku ya jua, niliipaka mimi. Mwezi wa Oktoba tulilijaribu jino kwa mkono, bila mzigo, mchana wenye joto la wastani, nalo lilianguka vizuri na mimi nikatia sahihi yangu.

Nilimwambia mkaguzi kabla hajauliza. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyomwambia, halafu akataka kuona daftari la matengenezo, akapiga mstari chini ya sahihi yangu ya Septemba na mwingine chini ya ile ya Oktoba. Fundi mkuu hakunigombeza. Alichosema ni kwamba naye alikuwa amesimama pembeni yangu Oktoba akiwa na fulana, na wala hakuona ajabu kulipima jino la baridi tukiwa tumevaa fulana. Tangu hapo karakana ile hulijaribu jino alfajiri, kabla jua halijafika kwenye chumba cha mota.

Siku mbili zilizofuata tuliondoa kila tone la grisi ile kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, tukapaka nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi, kiasi cha kufunika ukucha. Mapipa yalijazwa tena, kwa kuwa nusu ya maji yalikuwa yamemwagika na mengine yameganda yakawa vipande vya barafu vyenye umbo la pipa, ambavyo kaka wa Uvira alivipanga nje ya mlango kama viti vya kahawani. Tulirudia jaribio la tatu mara tano, ingawa mkaguzi alihitaji moja. Kila mara nilisimama mahali pale pale, mkono juu ya wenzo, na kila mara jino lilianguka kabla sijamaliza kuvuta pumzi, kwa mlio wa chuma juu ya chuma uliotikisa kuta za chumba. Lifti ilifunguliwa siku sita baada ya tarehe iliyotangazwa, na malalamiko ya wenye tiketi yalinipita tu.

Jumapili nilimpigia baba simu Mombo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimsimulia yote, pamoja na sahihi zangu mbili na ule ubani kwenye kidole cha fundi mkuu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza grisi yenyewe ilikuwa namba ngapi, yaani nzito kiasi gani.

“Namba mbili, baba.”

“Mbona hata sisi hapa ni hiyo hiyo,” akasema, na nikamsikia akimwuliza mama, mbali kidogo na simu, eti huko Vermont baridi yake ni kama ya Lushoto au imezidi.