Daftari la namba za mita: nilivyovuta faiba hadi kilimani juu ya Soni

Mita 3,400 za kebo ya faiba yenye nyuzi 12 nyembamba za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, kutoka barabara ya Mombo–Lushoto hadi kituo cha afya kilichoko kilimani juu ya Soni. Hiyo ndiyo kazi niliyokabidhiwa kuisimamia mwezi wa Juni, msimu ambao Usambara ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi na vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Nilikuwa nimeshavuta faiba nyingi Tanga mjini, kwenye tambarare. Mlima ni habari nyingine. Njia inapinda kila baada ya nguzo chache, na kila kona ni mahali ambapo kebo inaweza kuumia.

Watu wengi huogopa kwamba kioo kitakatika. Uzi wa faiba una unene wa maikroni 125, sawa na unywele mnene, na njia ya mwanga katikati yake ni maikroni 9 tu. Hata hivyo, ukiuvuta ukiwa umenyooka una nguvu ya kushangaza. Kinachouumiza ni kukunjwa, kubanwa na kusokotwa, na mara nyingi maumivu yenyewe hayaonekani siku ya kazi. Kebo inaweza kupitisha data vizuri leo, ukaitwa baada ya miezi sita.

Kebo yetu ilikuwa na unene wa milimita 12. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ikiwa inavutwa, nusu kipenyo cha mkunjo isipungue mara 20 ya unene wake, na ikishatulia mara 10. Kwetu hiyo ilikuwa sentimita 24 na sentimita 12. Vijana niliokuwa nao walikuwa wazuri wa kazi lakini wageni wa faiba, kwa hiyo badala ya kuwahubiria hesabu nilikata triplai mduara wenye upana wa sentimita 48, nikawaambia: "Mkiona kebo inapinda kuliko huu mduara, pigeni kelele, wote tusimame." Ulibebwa siku zote tatu za kuvuta.

Dramu, lile gurudumu kubwa lililozungushiwa kebo, tuliiweka uwanja wa shule, karibu na katikati ya njia. Kwanza tukavuta upande wa chini hadi barabarani. Kebo iliyobaki kwenye dramu ilipaswa kwenda upande wa juu, na ncha yake ilikuwa ndani kabisa ya dramu. Hapo ndipo tulipoilaza uwanjani kwa umbo la nane, kila nane na urefu wa mita tano hivi. Ukiizungusha kama kamba ya kisima, kila mzunguko unaacha msokoto mmoja ndani ya kebo. Kwa umbo la nane, duara la kwanza linasokota na la pili linasokotoa. Ilipoisha, ncha iliyokuwa ndani kabisa ya dramu ikawa juu ya lile rundo, tayari kuvutwa. Wanafunzi waliotoka mapumziko walisimama pembeni kimya kabisa. Sijawahi kuona kazi ya mikono inayonipendeza kuliko ile.

Kuvuta kwenyewe kulikuwa kwa mikono. Mwenye gari mmoja alijitolea kutuvutia, nikamshukuru na kukataa. Mkono wa mtu unasikia kebo inapokwama, gari halisikii. Ncha tuliifunga kwenye zile nyuzi za njano za aramidi zilizo ndani, maana ndizo zilizowekwa kubeba uzito. Ukivuta ganda peke yake linatanuka na kuacha nyuzi nyuma. Mbele ya kebo tukaweka kiungo kinachozunguka ili kamba ikijisokota isiisokote na kebo. Kila nguzo ilikuwa na kapi, na kwenye kona nilisimamisha mtu.

Na kitu kimoja nilichokifanya kwa mkono wangu, hata vijana waliponiona nachelewesha: ganda la kebo huchapwa namba kila mita moja. Kwenye kila nguzo niliandika namba inayoingia na namba inayotoka. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daftari la kawaida la kurasa 80 na kalamu ya risasi, kwa sababu wino haukai kwenye ukungu.

Mita 380 za mwisho, kabla ya kituo, zilipita chini ya ardhi kwenye mashamba ya kabichi. Mama mwenye shamba alitoka akatuangalia tunachimba, kisha akauliza, "Mwanangu, na jembe langu je? Nikilima msimu ujao si nitawakatia?"

"Shikamoo mama. Hutalifikia, bomba tunalilaza mita moja na ishirini chini. Na hapo katikati tunaweka utepe wa rangi ya chungwa. Jembe likigusa huo utepe, ujue bado hujafika, lakini acha kuchimba."

Alitaka kuuona huo utepe, nikamkatia kipande akaondoka nacho. Mimi nasema mazungumzo kama hayo yanalinda kebo kuliko kibao chochote. Tulikaa pia na mwenyekiti wa kitongoji kuhusu uchomaji wa mashamba karibu na nguzo, na tukaeleza kwamba ndani hamna shaba. Kebo nyingi hukatwa na mtu anayetafuta shaba, akakuta kioo na plastiki, akaiacha inaning'inia.

Kuunga nilifanyia ndani ya gari, milango imefungwa, kwa sababu unyevu na upepo ni adui wa mashine ya kuungia. Unaanza kwa kufuta ile jeli mpaka uzi uwe mkavu, unavua ganda lake jembamba la rangi, kisha unaupitisha kwenye karatasi laini yenye spiriti. Ukiwa safi kweli unalia, sauti nyembamba kama kidole kwenye glasi iliyooshwa. Usipolia, rudia. Halafu unaukata kwa kisu chake maalumu, na kuanzia hapo usiuguse popote. Kwenye kioo cha mashine nyuzi mbili zinatokea kama nguzo mbili zinazotazamana, cheche inapiga, zinakuwa moja. Mashine ikikadiria upotevu wa mwanga wa 0.02 au 0.03 ya desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) naendelea, ikifika 0.1 nakata na kuanza upya. Mabaki ya uzi yanaingia kwenye chupa yenye mfuniko, bila kukosa hata kimoja. Kipande kikiingia kwenye ngozi hukioni, na kikiingia jichoni ni hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo hatuli chochote mezani pa kuungia. Na mtoto aliyetaka kuchungulia ncha ya kebo nilimzuia kwa haraka: mwanga wa faiba ni wa aina isiyoonekana, unaweza kuumiza jicho bila wewe kuona chochote.

Tukapima kutoka kituoni kwa OTDR, mashine inayotuma mwanga ndani ya uzi na kuchora mstari wa mwanga unavyopotea kwa kila umbali, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310. Uzi wa kawaida hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita kwenye mwanga huo, na sisi tulipata karibu na hapo. Vijana wakaanza kukusanya vifaa. Nikawaomba wasubiri nipime na 1550, ambako upotevu unapaswa kuwa mdogo zaidi, kama 0.2 kwa kilomita.

Mstari ulishuka ghafla kama ngazi. Kwenye mita 2,140 tulikuwa tunapoteza zaidi ya desibeli 2 mahali pamoja. Nikarudi kwenye 1310: pale pale kulikuwa na kishimo kidogo ambacho jicho langu lilikuwa limekipita. Kasoro inayouma sana kwenye 1550 na kidogo kwenye 1310 karibu kila mara ni mkunjo, maana mwanga wa mawimbi marefu ndio unaovuja upesi uzi unapopinda. Na ilikuwa kwenye nyuzi zote 12, kwa hiyo haikuwa kwenye maungio. Kebo yenyewe ilikuwa imebanwa mahali fulani.

Mahali gani? Mita za OTDR ni za uzi, si za kebo wala za barabara. Uzi umezungushwa ndani ya ganda, kwa hiyo ni mrefu kuliko ganda. OTDR ilisema uzi wote una mita 3,451, na ganda kwa daftari langu lilikuwa mita 3,400. Tofauti ni 1.5 kwa mia. Nikagawa 2,140 kwa 1.015, nikapata 2,108. Kituoni kebo ilianza na namba 590. Nikajumlisha: 2,698. Nikafungua daftari kwa tochi ya simu, nikapitisha kidole chini ya ukurasa. Nguzo ya 34: inaingia 2,690, inatoka 2,705. Mita 15 za akiba, yaani kebo ya ziada inayoachwa kwenye nguzo.

Nilikumbuka mara moja. Kwenye nguzo ile fremu za msalaba za kushikia akiba zilikuwa zimetuishia, na mimi ndiye niliyemwambia kijana afunge kwa muda, tutarudi. Hatukurudi. Alikuwa ameizungusha kebo duara lenye ukubwa wa sahani ya wali, akalikaza kwenye nguzo kwa waya wa kufungia mara tatu. Hakuwa na kosa. Nilimpa kazi bila kumpa kifaa.

Asubuhi, kabla ukungu haujaisha, alipanda yeye mwenyewe na fremu. Nilibaki kituoni na OTDR ikipima mfululizo, simu sikioni.

"Nimekata waya wa kwanza, kaka."

Ngazi ikapungua.

"Wa pili."

"Endelea."

"Wa tatu. Sasa naifungua."

Mstari ukanyooka polepole mbele ya macho yangu. Kebo ilipokaa vizuri kwenye fremu, palibaki alama ya 0.04, pale waya ulipokuwa umebana ganda. Nikapima nyuzi zote 12, moja baada ya nyingine, kwa mianga yote miwili, kisha nikaandika kwenye daftari mbele ya nguzo ya 34: fremu imewekwa, 0.04, na tarehe.