Toka Vilindini

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nimeshinda na Zaburi ya 130, na kilichonirudisha kwake ni filamu. The Sixth Sense, ya M. Night Shyamalan, ilitoka mwaka 1999, nami sasa nimeitazama mara tatu. Siri yake nitaitaja, kwa hiyo asiyeitazama aanze nayo, kisha arudi hapa.

Ni filamu ya polepole. Malcolm Crowe, mwanasaikolojia wa watoto jijini Philadelphia, anamsaidia Cole, mvulana wa miaka tisa anayewaona wafu. Mwishoni ndipo tunajua kwamba Malcolm mwenyewe alikufa mwanzoni kabisa, kwa risasi, chumbani kwake. Imani yetu haifundishi kwamba wafu hutangatanga hivyo. Mimi nilishikwa na jambo jingine.

Mara ya kwanza nilimchukia Anna, mke wa Malcolm. Ni siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, mgahawani. Malcolm amechelewa, anaketi, anajieleza. Anna hamtazami. Bili ikija anaiwahi yeye, anatamka heri ya ndoa kwa sauti kavu, anaondoka. Nikasema moyoni, mwanamke gani huyu, ana moyo wa jiwe! Mara ya pili nikaona kwamba Anna yuko peke yake pale mezani. Ni mjane, ameleta ndoa yake mbele ya kiti kitupu. Maneno ni yaleyale, uso ni uleule. Nilisimamisha filamu nikalia.

Wengi huirudia ili kusaka dalili zilizofichwa, hasa rangi nyekundu. Nami nilizisaka, na ni kazi tamu.

Lakini mara ya tatu nilimsikia mtoto. Cole amejificha kanisani, anacheza na askari wa plastiki kwenye benchi, na askari mmoja anasema Kilatini: De profundis clamo ad te, Domine. Malcolm baadaye anatafuta maana kwenye kamusi. Sisi tunaijua: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Ndiyo Zaburi tunayowasalia marehemu wetu. Mtoto aliitamka tangu mazungumzo yao ya kwanza, mbele ya marehemu, nami mara mbili niliipita nikidhani ni mchezo tu.

Kaka yangu alipofariki, wifi yangu hakunisalimu siku ya arobaini. Alipita na sinia mkononi kana kwamba sipo. Niliitafsiri kuwa dharau, nikaitunza miezi saba, na kila nilipoikumbuka niliikumbuka vilevile, bila kumtazama yeye usoni.

Zaburi hiyo inasema nafsi yamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Jana nilimpigia saa kumi na moja alfajiri, nikitumaini kidogo kwamba atakuwa amelala. Alipokea kabla ya mlio wa pili.