Makopo Kumi na Moja

Yule mama wa hifadhi alikuwa mpole, na alituuliza swali moja tu kabla ya kutukabidhi kibali: "Mmebeba makopo au chupa za kioo?"

Shemeji akanitazama. Garini tulikuwa na makopo kumi na moja: maharage, sadini, nyanya. Ndiyo yaliyokuwa chakula chetu cha siku tatu. Mama akatueleza taratibu kwamba ndani ya hifadhi ile ya Algonquin, jimbo la Ontario nchini Kanada, huko kusikofika barabara, makopo na chupa za vinywaji na chakula ni marufuku. Vyombo vya dawa, mafuta ya jiko na dawa ya kufukuza wadudu, sawa. Makopo ya maharage, hapana.

Iliniuma, kwa sababu safari hii ya mtumbwi tulikuwa tumeipanga kwa miezi mitano. Huko Ontario nafasi za kambi hufunguliwa miezi mitano kabla, kwa hiyo Aprili shemeji alikuwa ameshalipia usiku mmoja kwenye ziwa la Joe Lake na mwingine mbele yake. Mwisho wa Septemba niliuchagua mimi. Nilikuwa nimesoma habari za usubi wa Mei na Juni, jinsi unavyong'ata mpaka damu inachuruzika nyuma ya masikio, nikasema siendi kulipa pesa zote hizo ili niliwe. Isitoshe, Septemba majani ya miti ya mimepo (maple) hugeuka mekundu. Niliorodhesha kila kitu: jaketi okozi la kila mtu, filimbi, kata ya kukumba maji, kamba inayoelea ya mita 15 ambayo sheria ya Kanada inaidai. Duka lililotukodisha mtumbwi lilitutumia maelekezo kurasa nne, na kuhusu makopo halikuandika hata neno. Bei yenyewe ilikuwa ya kutisha, na ukifika kaunta inapanda tena, maana huko bei inayobandikwa haina kodi ndani. Asilimia 13 inakungoja mwishoni.

Basi tukachuchumaa kwenye maegesho, tukaanza kufungua makopo. Kifungulio hatukuwa nacho. Shemeji alitoboa kwa ncha ya kisu, akipigilia mpini kwa jiwe, tundu kwa tundu kuuzunguka mdomo wa kopo, kisha mimi nikakunja kifuniko kwa kijiko na kumimina maharage kwenye mfuko wa plastiki. Kila mfuko niliuvika mwingine. Mchuzi wa nyanya ulinichuruzika hadi kiwikoni. Kopo la nne likanikata kidole gumba. Sadini tulizila palepale, bila mkate, kwa kuogopa kwamba harufu yake itamwita dubu. Tulipomaliza kusuuza makopo na kuyafungia garini ilikuwa saa saba mchana. Kwenye mpango wetu tulitakiwa kuingia majini saa nne asubuhi.

Saa tatu zile tulizochelewa ndizo zilizotuponza. Baba yangu alikuwa mvuvi, na mambo yake mengi yalimalizika kabla jua halijapanda. Alisema upepo nao huamka, ila huamka umechelewa. Nilikuwa nayajua haya tangu utotoni, na katika miezi mitano ya kuandika orodha sikuyakumbuka hata mara moja. Canoe Lake, ziwa tuliloanzia, imelala kusini kwenda kaskazini, na sisi tulikuwa tunaelekea kaskazini, na upepo ulitoka hukohuko. Mtumbwi wa kukodi ni mwepesi, si gogo lililochongwa; omo yake, yaani ncha ya mbele, ikiinuka, upepo unaishika na kuigeuza kama jani. Tuligeuzwa mara mbili. Mara ya pili wimbi likaingia ubavuni na kulowesha begi la nguo. Nikapiga magoti, shemeji akasogeza mzigo mzito wote mbele ili omo izame kidogo, tukaambaa na ufuko wa mashariki, kafi baada ya kafi, bila kuzungumza.

Tulipumzika Hayhurst Point. Pale juu kuna mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1930 kumkumbuka mchoraji Tom Thomson. Alipotea kwenye ziwa hili Julai 8, 1917, na mwili wake ukaonekana siku nane baadaye. Alikuwa mzoefu wa mitumbwi. Nilisimama mbele ya mawe yale nguo zikinidondoka maji, nikasoma jina lake, kisha nikarudi kukaza mikanda ya jaketi.

Kutoka Canoe Lake kwenda Joe Lake unabeba mtumbwi mita 295 nchi kavu. Shemeji aliutwisha mabegani kichwachini, nami nikafuata na mabegi, kisha tukarudia mizigo iliyobaki. Tulidhani tumefika. Kumbe ukilipia kambi unalipia ziwa; kiwanja atakayewahi ndiye mwenye nacho. Kila palipokuwa na kibao cha rangi ya chungwa cha kuonyesha kiwanja palikuwa na hema na moshi. Watu walitupungia mkono, nasi tukapunga, tukapita. Karibu saa moja jioni, jua linazama, ndipo tukapata kimoja kilichoinama, chenye mizizi mitupu.

Mfuko wa chakula tuliutundika mtini kwa mwanga wa tochi, dubu asiufikie, mita nne kutoka chini na mbili kutoka kwenye shina. Tulipolala, luni akalia. Ndiye ndege aliyechorwa kwenye sarafu yao ya dola moja, lakini sarafu haikusimulii sauti ile. Huanza kama mtu anayeita ng'ambo, kisha inavunjika katikati. Akajibiwa kutoka ziwa jingine. "Umesikia, shemeji?" akaninong'oneza. Nilikuwa nalia. Baba hakupata kuvuka mpaka wowote, na ningetoa chochote akae kwenye hema lile aisikie.

Siku ya pili ilikuwa njema yote: majani mekundu, maharage ya mfukoni, maji tulivu.

Siku ya tatu nilimwamsha shemeji gizani. Ziwa lilikuwa limelala kama kioo, ukungu ukitambaa juu yake, na kafi ilipotoka majini niliweza kuhesabu matone yake. Njia iliyotumaliza kutwa nzima tuliimaliza kabla maegesho hayajapata gari la pili. Makopo yalikuwa bado kwenye buti, yananuka nyanya.