Bagia za kunde, na mama wa kituoni

Jana Jumapili nimepika bagia za kunde mwenyewe kwa mara ya kwanza, na nnavyoandika hivi mkono wa kulia bado unauma mpaka begani.

Ilivyoanza ni kwamba kwa miaka kama 6 nimekuwa nanunua kwa mama mmoja hapa Mbagala, nikishuka tu kwenye daladala jioni nakuta karai lake linachemka, bagia moja sh 100, za mia tano anakufungia kwenye gazeti na chatne ya ukwaju kwenye kimfuko. Na kila siku nlikuwa namwambia mama niongeze basi, na ye anaongeza moja, hajawahi kunikatalia hata siku moja. Mwezi uliopita sikumuona, nikamuuliza kaka anayeuza vocha pale pembeni, akasema karudi kwao Lindi anamuuguza mama yake.

Nikavumilia wiki tatu nikashindwa. Jumamosi nikanunua kunde nusu kilo nikaloweka usiku kucha.

Aisee maganda. Hii sehemu hakuna aliyewahi kuniambia. Unazifikicha kunde kwa viganja ndani ya maji, maganda yanaelea juu, unayamwaga taratibu zisitoke na kunde, unaongeza maji mengine, unafikicha tena, unamwaga, na kila ukidhani umemaliza unaziona nyingine bado zimevaa. Saa nzima na zaidi niko nimeinamia beseni. Nikampigia shangazi Tanga, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, nikamwelezea, akaniuliza kwani hukuzipaaza kwanza? Kumbe wao kabla ya kuloweka wanazipitisha kavu kwenye jiwe zipasuke tu, zikiingia majini maganda yanatoka yenyewe. Sawa, mi nshaloweka.

Kwenye blenda ndo nikaharibu. Mashine ikagoma kuzunguka nikaongeza maji, ikagoma nikaongeza tena, rojo likatoka kama uji. Nikakaanga tatu za kujaribu zikatandaa bapa zikanywa mafuta. Shangazi akasema usitie unga, ukitia unga hizo si bagia tena ni maandazi ya chumvi, saga hizo kunde zilizobaki kwa kijiko kijiko cha maji halafu changanya, kisha upige. Nikauliza nipige nini? Upige rojo, kwa mkono, upande mmoja tu, mpaka liwe jeupe na jepesi.

Hapo ndo siri yote ilipo na nataka niiseme vizuri. Bagia za kunde hazina hamira. Kinachoziumua ni hewa unayoingiza kwa kupiga, basi. Unapima kwa kudondosha rojo kidogo kwenye glasi ya maji, likizama rudi kapige, likielea tayari. Langu lilizama mara 3. Nimepiga karibu dakika 20 nabadilisha mikono, na lilipoelea nlipiga kelele jikoni peke yangu. Chumvi na vitunguu maji ni mwisho kabisa, ukiweka mapema vitunguu vinatoa maji unarudi kwenye uji. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbuzi nlisaga humo humo na kunde. Mafuta yawe moto wa kati, yakiwa baridi zinanyonya, yakizidi zinababuka nje ndani mbichi.

Zimetoka 38. Nje zinavunjika, ndani kama sponji.

Nikakaa na chai nikapiga hesabu, 38 kwa bei ya mama ni sh 3,800, humo utoe kunde, mafuta, mkaa, vitunguu, ukwaju. Na yule mama alikuwa akikaanga karai zima kila jioni, sijui alikuwa anafikicha saa ngapi na kulala saa ngapi. Na mi nadai nyongeza. Kule Bahia, Brazili, kuna akinamama wanauza acarajé mtaani, ni kunde hizi hizi zilizomenywa zikasagwa zikapigwa, ila wao wanakaanga kwa mawese, ujuzi walienda nao watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi ambako hadi leo wanaita akara, na nchi yao imeiandikisha kazi ya hao akinamama kuwa urithi wa taifa. Nililisoma hilo zamani likanipita. Jana limenikaa.

Jioni nikaenda kwa yule kaka wa vocha nikamuomba ampigie mama, akampigia akanipa simu. Nikamuuliza hali ya mgonjwa, akasema anakula sasa, alhamdulillah. Nikamwambia mama nimepika bagia leo. Akauliza, umepiga kwa mkono au kwa mashine? Nikamwambia mkono. Akanyamaza kidogo, halafu akasema haya mwanangu, nikirudi utanionjesha.