Kipande kimekunjwa, kimekatika

Leo mchana vipande vya plastiki iliyorejelewa vimetoka kwenye mashine ya miale ya elektroni. Vimepigwa mionzi ya kilogrei 100 (kipimo cha dozi ya mionzi), kukiwa na hewa.

Cha poliethilini tupu kiko imara. Minyororo ya molekuli imeungana, ukikichemsha kwenye zailini (kiyeyusho) saa kadhaa, inabaki jeli isiyoyeyuka. Hapo unajua mionzi imeshika. Ila usizidishe: jeli ikiwa nyingi, plastiki hiyo huiyeyushi tena.

Kile chenye polipropilini?

Ukikikunja kinakatika kama biskuti. Kingo zimeanza umanjano.

Polipropilini ikipigwa mionzi kukiwa na hewa, minyororo hukatika zaidi ya kuungana, na oksijeni ndiyo mchochezi. Ubaya zaidi, radikali huru (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, zinazoingia kwenye mmenyuko upesi) hunaswa kwenye sehemu za fuwele na kuendelea kuila plastiki wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Ukipima nguvu siku hiyohiyo tu, namba zitakudanganya.

Dawa yake: changanya TAIC (kemikali inayosaidia minyororo kuungana) asilimia 1 hadi 3 wakati wa kuyeyusha, piga ndani ya nitrojeni, shusha dozi, kisha pasha vipande moto bila hewa ili radikali ziishe. Chenga za plastiki zioshwe na kukaushwa kwanza, maana mionzi haiondoi mafuta wala mchanga.

(Na hapana, plastiki haibaki na mionzi. Elektroni zenye nishati ya chini ya MeV 10 (kipimo cha nishati) hazifanyi hivyo.)

Waliowahi kupiga mchanganyiko wa aina hii, dozi gani iliwakubali? Na rangi mliidhibiti vipi?